Farquhar Shaw: Maisha na Kifo cha Askari wa Kawaida wa Uskoti

Habari za vita kwa desturi huandikwa kwa majina ya majemadari. Msomaji huambiwa kwamba fulani alivuka mto, fulani aliteka mji, fulani alishinda. Na wale maelfu waliovuka pamoja naye, wengine wasiwahi kuuona ushindi wenyewe, hutajwa kwa hesabu tu, kama itajwavyo mizigo. Makala haya yana nia ya kufuata njia nyingine. Yatamfuata askari mmoja asiyekuwa na cheo, tangu alipoacha kazi yake ya kuswaga ng'ombe mpaka siku aliyosimamishwa mbele ya bunduki za askari wenzake. Jina lake Farquhar Shaw. Alizaliwa katika milima ya Uskoti mwanzoni mwa karne ya 18, akauawa London tarehe 18 Julai 1743, umri wake yapata miaka 35.

Mtu huyu hakushinda vita yoyote, wala hakupewa nishani. Walakini kesi iliyomwua ilizusha swali ambalo halijamalizika kujibiwa: Askari anapoapa, je, hufungwa na neno alilolisikia, au na neno lililoandikwa? Na kama neno lililosikiwa lilikuwa katika lugha moja, na lililoandikwa likawa katika lugha nyingine, ni lipi kati ya hayo mawili lililo kiapo?

Kikosi chake, kiitwacho Black Watch, si kigeni kabisa kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki, kwa sababu batalioni yake ya kwanza ilikuwa Kenya kati ya mwaka 1953 na 1955, siku za Hali ya Hatari. Lakini habari tutakayoieleza ni ya miaka 200 na zaidi kabla ya hapo, na mahali pake ni Uskoti na Uingereza. Tarehe zake zimetolewa kwa kalenda ya zamani iliyotumika Uingereza mpaka mwaka 1752, ambayo wakati huo ilikuwa nyuma kwa siku 11, isipokuwa pale tutakapoonyesha vingine.

Uskoti ya siku zile ilikuwa kama nchi mbili katika nchi moja. Kusini na mashariki palikuwa na mabonde ya kilimo na miji ya biashara, na watu wake walisema lugha iliyo ndugu wa Kiingereza. Kaskazini na magharibi ilikuwepo milima, na watu wa milimani walisema Kigaeli, lugha isiyosikilizana na Kiingereza hata kidogo. Waliishi kwa koo, kila ukoo na mkuu wake, na mali yao kubwa ilikuwa ng'ombe. Kila mwaka makundi ya ng'ombe yalitolewa milimani na kuswagwa siku nyingi kwa miguu mpaka mnada mkubwa wa Crieff, ambako wanunuzi kutoka Uingereza walikuwa wakiwangojea. Mswaga ng'ombe alikuwa mtu wa kuaminiwa: alichukua mali ya watu wengine kwa neno la mdomo tu, na kwa neno hilo alitazamiwa kurudi na fedha.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Farquhar. Kijitabu kilichochapishwa London mwaka ule ule wa kifo chake kinatuambia kwamba asili yake ilikuwa Rothiemurchus, nchi ya misonobari iliyo kando ya mto Spey, chini ya milima ya Cairngorm, na kwamba alikuwa akifanya biashara ya ng'ombe hata mali yake ikampungukia. Mtaji ulipokwisha, aliingia askarini. Maneno haya ni machache, lakini yanatosha kumwonyesha. Hakuwa mhalifu aliyekimbilia jeshini ajifiche, wala kijana aliyerubuniwa kwa pombe. Alikuwa mtu mzima aliyejua maana ya kupatana, aliyeharibikiwa na biashara, akatafuta riziki nyingine yenye heshima.

Kazi ya askari milimani ilikuwa na heshima ya namna yake, nayo yataka maelezo. Baadhi ya koo za milimani ziliupenda ufalme wa zamani wa ukoo wa Stuart, zikaondoka kupigana kwa ajili yake mwaka 1715 na tena mwaka 1719. Serikali ya London ikaona kwamba milima ile haitatulia ila kwa kuondolewa silaha. Mwaka 1725 ikatolewa sheria ya kuwanyang'anya watu wa koo silaha zao, na Jenerali George Wade akapelekwa kuisimamia. Huyu ndiye aliyejenga barabara na madaraja ya kwanza ya kijeshi katika nchi ile. Pamoja na barabara aliunda kombania sita za wenyeji, zilizowekwa chini ya wakuu waliokuwa upande wa serikali, ili zilinde milima, zizuie wizi wa ng'ombe, na zihakikishe kwamba wengine hawachukui silaha.

Askari wa kombania hizo walivaa vazi la kwao la mraba mraba, lenye rangi za giza, na kwa Kigaeli wakaitwa *Am Freiceadan Dubh*, yaani Ulinzi Mweusi. Ndipo lilipotoka jina la Kiingereza. Basi fikiri jambo hili: katika nchi ambayo mwanamume aliona upanga kuwa sehemu ya utu wake, sheria imewakataza watu upanga, isipokuwa walio katika kombania. Kwa hiyo hata wana wa nyumba njema hawakuona haya kuingia humo wakiwa askari wa safu. Mmoja wa waliokufa pamoja na Farquhar, Koplo Samuel Macpherson, alikuwa amesoma, akawahi kuwa karani wa mwanasheria huko Edinburgh. Wa tatu wao, Koplo Malcolm Macpherson, alikuwa mtu wa Laggan katika nchi ya Badenoch. Askari hawa walilinda nchi yao wenyewe, miongoni mwa watu wao wenyewe, na kwa lugha yao wenyewe. Hivyo ndivyo walivyofahamu kazi waliyoiandikia majina.

Tarehe 25 Oktoba 1739 Mfalme George wa Pili alitia sahihi amri ya kuzigeuza kombania zile, pamoja na nyingine mpya, kuwa rejimenti moja ya jeshi la kawaida. Amri ilisema kwamba watu wake wawe wenyeji wa nchi ile. Mwezi Mei 1740 rejimenti ilikusanywa mara ya kwanza ukingoni mwa mto Tay, karibu na Aberfeldy. Kwa macho, hakuna kilichobadilika: vazi lilikuwa lile lile, milima ile ile, na maafisa wengi walikuwa watu wanaojulikana. Kwa sheria, kila kitu kilikuwa kimebadilika. Askari wa kombania alikuwa mlinzi wa nyumbani. Askari wa rejimenti ya mfalme alikuwa mtu wa kupelekwa popote, ng'ambo yoyote, kwa amri. Badiliko hilo lilikuwa katika karatasi, na karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Kwa muda wa miaka mitatu rejimenti ilikaa milimani ikifanya kazi yake ya zamani, wala halikutokea la kuwafunulia askari maana ya badiliko lile.

Lilitokea mwaka 1743. Uingereza ilikuwa imeingia katika vita vya Ulaya vya kugombea urithi wa kiti cha Austria, na askari walihitajiwa Flanders. Rejimenti ikaamriwa ikusanyike Perth, kisha ishike njia ya kusini. Duncan Forbes wa Culloden, hakimu mkubwa wa Uskoti na rafiki wa serikali, aliwaonya wakubwa kwamba kuwaondoa walinzi hawa milimani ni hatari. Onyo lake halikufuatwa. Askari nao waliambiwa kwamba wanakwenda London ili mfalme awaone katika gwaride, kwani hajapata kukiona kikosi cha watu wa milimani. Wakaenda kwa miguu zaidi ya maili 400, na watu wa miji ya njiani wakatoka kuwatazama. Hata walipofika London, mfalme alikuwa amekwisha kuondoka kwenda ng'ambo. Tarehe 14 Mei walikaguliwa katika uwanja wa Finchley na Jenerali Wade, yule yule waliyemjua tangu siku za kombania, mbele ya umati mkubwa wa watu wa mji.

Gwaride likaisha, na amri ya kurudi nyumbani haikuja. Badala yake ulikuja uvumi: kwamba watapelekwa visiwa vya Karibi. Ili kuelewa uzito wa uvumi huo, lazima tukumbuke kwamba miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1741, jeshi kubwa la Uingereza lilikuwa limepelekwa kuushambulia mji wa Cartagena katika pwani ya Amerika ya Kusini, na maelfu ya askari wakafa, wengi wao kwa homa kuliko kwa risasi. Kwa askari wa mwaka 1743, kupelekwa Karibi hakukuwa kuitwa vitani, bali kuitwa kaburini. Zaidi ya hayo, watu hawa walikuwa wamekwisha kudanganyika mara moja. Waliambiwa watamwona mfalme, na mfalme hakuwepo. Mtu aliyeona ahadi moja imekuwa bure huamini kwa wepesi kwamba na ya pili ni bure. Maafisa, ambao wangaliweza kuukanusha uvumi, ama hawakusema neno, ama walisema na hawakusadikiwa.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Mei, zaidi ya askari 100 walikusanyika karibu na Finchley, wakiwa na silaha zao, wakashika njia ya kaskazini. Farquhar alikuwa miongoni mwao, na Samuel Macpherson ndiye aliyekuwa kiongozi. Hawakuteka nyumba ya mtu, wala hawakuyapindua majeshi mengine, wala hawakutangaza mfalme mwingine. Nia yao ilikuwa kurudi kwao. Walikwenda usiku na kuziacha njia kuu, kama mswaga ng'ombe aepukavyo watoza ushuru, hata wakafika umbali wa maili zaidi ya 60, katika mkoa wa Northampton. Huko, katika msitu uitwao Lady Wood, karibu na kijiji cha Brigstock, wakapumzika na kujipanga kwa ulinzi.

Wapanda farasi wa serikali waliwazunguka. Askari wakataka wapewe msamaha, tena warudi na silaha zao. Wakajibiwa kwamba hapana masharti: waweke silaha chini kwanza, kisha waitumainie rehema ya mfalme. Mazungumzo yakachukua muda, chakula kikawa kichache, na kila saa iliyopita iliongeza askari wa kuwazingira. Tarehe 22 Mei walijitoa wote. Hapakuwa na vita, wala hakuna risasi iliyomwua mtu. Jambo hili lastahili kuangaliwa, kwa sababu watu hawa walikuwa na silaha na mahali pazuri pa kupigania. Kama nia yao ingalikuwa vita, wangalipigana.

Wakarudishwa London chini ya ulinzi, wakafungwa katika Tower, ngome ya kale ya wafalme. Mwezi Juni mahakama ya kijeshi ilikaa humo kuwahukumu. Mashtaka yalikuwa ya uasi na utoro, na wengi wa washtakiwa hawakujua Kiingereza. Ilibidi wakalimani waapishwe ili askari waweze kuambiwa wanashtakiwa nini, na mahakama iweze kujua wanajibu nini. Wengine walilalamikia malipo na mavazi waliyocheleweshewa au waliyopunjwa. Wengine walieleza hofu ya kupelekwa Karibi. Nyuma ya maneno yote lilikuwako lile moja, kwamba hawakupatana kwenda ng'ambo.

Tusiidhulumu mahakama ile. Upande wake nao ulikuwa na hoja, na mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuificha. Watu hawa walikuwa askari wa rejimenti iliyo katika orodha ya jeshi. Walipokea mshahara wa mfalme kwa miaka mitatu. Na jeshi ambalo kila mtu huchagua mwenyewe wapi aende na wapi asiende si jeshi tena. Nchi ilikuwa vitani. Kama askari 100 wangeondoka usiku na silaha zao bila adhabu, kesho wangeondoka 1,000. Kwa sheria iliyoandikwa, hukumu haikuwa na shaka. Zaidi ya watu 100 wakahukumiwa kufa.

Lakini mahakama ile ile, kwa kuwaweka wakalimani, ilikiri jambo moja bila ya kukusudia. Ikiwa Farquhar na wenzake walihitaji mkalimani ili waelewe mashtaka, basi walimhitaji vile vile ili waelewe Sheria za Vita zilizowafunga, nazo ziliandikwa kwa Kiingereza. Serikali iliona lazima ya kumtafuta mkalimani siku ya kuadhibu. Siku ya kuapisha haikuwa na haraka hiyo. Hapa ndipo palipo kiini cha kesi hii. Askari hawakusema kwamba kiapo si kitu. Walisema kwamba kiapo walichokiapa si hiki. Katika nchi yao, ambako ng'ombe mamia walikabidhiwa mtu kwa neno la mdomo, neno lililosemwa lilikuwa ndiyo hati. Katika London hati ilikuwa karatasi. Kila upande uliuona mwingine kuwa umevunja ahadi, na kila upande, kwa kipimo chake, ulikuwa na haki ya kuona hivyo. Tofauti yao ni kwamba upande mmoja tu ndio uliokuwa na bunduki za kuikazia haki yake.

Hukumu haikutimizwa kwa wote. Watatu walichaguliwa wawe mfano kwa wengine: Samuel Macpherson, Malcolm Macpherson na Farquhar Shaw. Asubuhi ya tarehe 18 Julai 1743 walitolewa mpaka mbele ya kanisa dogo lililomo ndani ya Tower. Kasisi mwenzao wa Kigaeli alisali pamoja nao. Wafungwa wenzao walipangwa wawatazame. Wapigaji walitoka katika Rejimenti ya Tatu ya Walinzi wa Mfalme, kikosi chenye asili ya Uskoti, hata ikawa kwamba Waskoti walikufa kwa mikono ya Waskoti. Wakazikwa karibu na mahali pale pale walipoanguka.

Waliobaki walisamehewa kifo, na hapa historia inatuonyesha jambo ambalo mtunga hadithi angeliogopa kulibuni. Walitawanywa kwa vikundi katika majeshi ya mbali: wengine Gibraltar, wengine Minorca, wengine Georgia katika Amerika, na wengine katika visiwa vya Karibi. Wakati huo rejimenti yenyewe, yaani wale waliokaa na kutii, ilikwisha kuvushwa kwenda Flanders. Kwa hiyo uvumi wa Finchley ulikuwa wa uongo kwa wasiouamini, ukawa wa kweli kwa waliouamini. Waliokimbia homa ya Karibi ndio hasa waliopelekwa kwenye homa hiyo, wala mara hii hawakuwa na nguvu ya kukataa.

Rejimenti ilipigana Fontenoy tarehe 11 Mei 1745, kwa kalenda mpya, ikapata sifa kubwa ya ushujaa hata kwa adui. Mwaka huo huo milima ya Uskoti iliondoka tena kwa ajili ya ukoo wa Stuart, kama Duncan Forbes alivyokuwa akiogopa, na msiba ukaisha katika uwanja wa Culloden tarehe 16 Aprili 1746. Mwaka 1759 kikosi kilipelekwa Karibi kwa vita vya Martinique na Guadeloupe. Wala uasi wa 1743 haukuwa wa mwisho. Mpaka mwaka 1804 rejimenti nyingine za watu wa milimani ziligoma mara kadhaa, na mara nyingi sababu ilikuwa jamaa ya ile ya kwanza: watu walioandikwa kwa sharti moja, kisha wakaona wanapelekwa kwa sharti jingine.

Na Farquhar? Picha yake ilichorwa na kuuzwa London siku zile, kwa kuwa mji ule ulioshangilia gwaride ulipenda vile vile kuwatazama waliokufa. David Stewart wa Garth, aliyekuwa mwenyewe afisa wa rejimenti hii, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1822 kwamba Lord John Murray, aliyekuwa kanali wa kikosi tangu 1745, aliziweka picha za wale watatu katika chumba chake cha kulia. Kanali anayekula chakula chake kila siku mbele ya nyuso za waasi wa kikosi chake hawezi kuwa aliwahesabu kuwa watoro tu. Mwaka 1887 mnara wa kumbukumbu ulisimamishwa Aberfeldy, mahali pa mkusanyiko wa kwanza, na juu yake ipo sanamu ya askari katika vazi la siku zile. Watu husema kwamba sura yake ni ya Farquhar Shaw. Kama ndivyo, basi kikosi alichopigwa risasi kwa kukiacha ndicho kilichomsimamisha kuwa mfano wa askari wake.

Yatupasa kukumbuka kitu kimoja kuhusu njia iliyotufikishia habari hizi. Tunalijua jina la Farquhar kwa sababu aliuawa. Kama angalikaa Finchley usiku ule, angalikwenda Flanders, pengine angalikufa Fontenoy, na leo angalikuwa tarakimu moja katika hesabu ya waliokufa. Mtu mdogo huingia katika maandishi ya serikali kwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa mahakama. Basi anayetaka kuandika historia ya watu wa kawaida hana budi kuzisoma hukumu, tena kuzisoma akimsikiliza yule aliyesema kwa kinywa cha mkalimani, na kukumbuka kwamba kilichoandikwa ni maneno ya mkalimani.

Wahenga wetu walisema, Mgala muue na haki yake umpe. Serikali ya 1743 ilitimiza nusu ya kwanza ya methali hii. Nusu ya pili ni kazi ya wanaoandika historia. Haki ya Farquhar Shaw si kuitwa shujaa, wala si kuitwa mwasi. Haki yake ni kusemwa wazi kwamba alikuwa mtu aliyeweka ahadi kwa lugha aliyoifahamu, akahukumiwa kwa ahadi ya lugha asiyoifahamu.